Kovu na Kitambaa Chekundu cha Zamu

Ndugu waombolezaji, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, dakika chache kabla ya pacha wake. Mama yao alikuwa akisema kwamba hata huko tumboni walikuwa wakipigana mateke. Baba alikuwa mchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Katika nyumba ile kipigo kilikuwa kama salamu: ukipewa, unarudisha.

Alianza shule mwaka 1978. Nyumbani palikuwa na kibao kimoja cha kuandikia, watoto wawili. Huyu akiandika hesabu, yule anafuta. Yule akiandika, huyu anasoma nusu ya neno na kuapa kwamba ndilo zima. Siku moja pacha alimpasulia kibao hicho kichwani. Alama iliyobaki juu ya jicho la kushoto ndiyo iliyompa jina ambalo wengi wenu mlimjua kwalo, Kovu. Baba aliwachapa wote wawili kwa mpira wa gesi ya kuchomelea. Mama alingoja hasira za mzee zipoe, akafungua kitambaa chekundu kichwani mwake.

"Mwenye kitambaa shingoni ndiye mwenye kibao," akasema. "Akimaliza, akivue akiweke chini. Mwenzake asiguse kabla ya hapo, hata nyumba ikiungua!"

Kibao kipya walichonunuliwa kilidumu hadi wakamaliza shule ya msingi.

Marehemu alihitimu stashahada ya kompyuta mwaka 1994, na mwaka 1998 akaajiriwa katika kiwanda cha kukata mabati, ambako pacha wake alikuwa tayari akilisha mabati mezani. Kazi ya Kovu haikuonekana kwa macho. Ndani ya kompyuta kuna kiini, programu inayozigawia programu nyingine kumbukumbu, kama mama mwenye kibao kimoja na watoto wakorofi. Pale kiwandani kamera iliandika picha ya meza kwenye kumbukumbu, na programu ya kisu ikasoma hapo hapo ili ijue pa kukata. Kovu ndiye aliyeandika sheria ya zamu kati yao. Aliiita kitambaa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2001 na muuguzi aliyewahi kumshona mdomo.

"Nani kakufanyia hivi?" dada yule alimuuliza siku hiyo.

"Pacha wangu."

"Na yuko wapi huyo mnyama?"

"Kitanda cha pili, dada. Na yeye anasubiri kushonwa."

Tarehe 9 Juni 2009, pacha akiwa bado ananyoosha bati, kisu kilishuka. Kiliuchukua mkono wake wa kulia juu kidogo ya kifundo, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kamera. Kovu alipochunguza alikuta zamu ilifuatwa sawasawa: kamera ilichora mkono, ikaweka kitambaa chini, kisu kikaingia. Ila prosesa, ubongo wa kompyuta, kwa kupenda haraka, ilikuwa imejiwekea karibu nakala ya picha ya zamani, na kisu kilisoma hiyo. Picha ya meza tupu. Kovu alikumbuka kuwapanga kwa zamu, akasahau kuamuru nakala ya zamani itupwe kabla ya kusoma.

Hakumsingizia mtu. Alitoka hadi getini akawaambia wafanyakazi, "Kosa ni langu." Walimvamia kwa buti na vipande vya chuma. Mbavu mbili zilivunjika, moja ikachoma pafu. Akalazwa wodi moja na pacha wake, naye pacha alipomwona alinyakua chuma cha dripu kwa mkono uliobaki, akamrushia.

"Ni wewe uliyenikata! Usiniite ndugu yako tena!"

Alipopata nafuu Kovu alirekebisha kosa, lakini hakuna aliyekubali kusimama pale mezani. Meneja akaweka tikiti maji chini ya kisu. Kamera ikaliona, kisu kikakataa kushuka, watu wakapiga makofi.

"Tikiti halina watoto," sauti ikasema kutoka mlangoni. Alikuwa pacha.

Kovu aliliondoa tikiti, akalaza mkono wake wa kulia mahali pake. "Bonyeza wewe," akamwambia.

Pacha akabonyeza. Kisu kilinguruma juu, kikatikisika, kikagoma. Akabonyeza tena, kisha akaanza kukipiga kitufe kwa ngumi huku analia, na kisu kikagoma kila mara. Mwishowe alimvuta Kovu kutoka mezani, akamzaba kofi lililosikika karakana nzima, akamkumbatia.

"Mjinga we! Tungebaki na mikono miwili watu wawili, nani angemfunga mwenzake kamba za viatu?"

Habari ya ajali hawakuigusa tena kwa miaka mingi.

Pafu lile halikupona. Kuanzia mwaka 2021 marehemu alitema damu, na kikohozi kilimpiga kuliko baba alivyowahi kumpiga. Alilazwa tarehe 3 Februari 2024. Jioni moja yeye na pacha walikuwa wakibishana nani hasa alivunja kibao, wote wakisema kwa pamoja, hadi mkewe akatoa kitambaa kile chekundu cha mama yao kwenye mkoba. Pacha alimfunga Kovu shingoni, kwa mkono mmoja na meno.

"Haya, sema. Nangoja."

"Ule mkono wako..."

"Achana nao bwana."

"Kitambaa ninacho mimi." Kikohozi kikamshika, kikamwachia. "Ule mkono, nisamehe. Sijawahi kukuomba."

Pacha alifungua mdomo, akaufunga. Kovu alihangaika na fundo, na hakuna aliyemsaidia, hadi akakivua na kukiweka juu ya shuka. Hapo ndipo pacha aliposema.

"Nilikusamehe siku ya tikiti, kichwa maji wewe."

Kovu alicheka hadi damu ikamtoka. Alifariki kesho yake mchana, tarehe 22 Februari 2024.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yake mdogo, na pacha wake, ambaye bado anasimama kwenye meza ile ile kila asubuhi.

Kovu amemaliza zamu yake na kitambaa amekiweka chini. Apumzike kwa amani, na asiguswe tena na mkono mzito wa mtu yeyote.