Bango la Lurdes

Asubuhi ile, ndani ya basi la mji wa Fall River, Denise alikaa nyuma ya Lurdes bila kumwamkia. Wote wawili walikuwa wafanyakazi wa duka moja la vyakula. Lurdes, mwoka mikate, alipakata bango: "Mrudisheni Tierney." Wiki ya tatu sasa wafanyakazi wamegoma, tangu binamu zake Tierney, wamiliki wenzake, wamwondoe kwenye ukurugenzi wa duka hilo.

"Mama, yule ni tajiri," mzee mmoja pembeni alimwambia Lurdes. "Hata kama amefukuzwa, halali njaa. Wewe je?"

"Mume wangu alipofariki, Tierney alikuja mazikoni. Kisha akasimama jikoni kwangu akaosha vyombo."

"Sahani tu hizo, mama."

"Hao binamu zake walinitumia rambirambi. Jina langu wamelikosea."

Mzee akaguna. "Na wakikuachisha kazi?"

"Wataniachisha. Lakini sitawaokea mkate."

Denise aliinamisha uso. Tierney alimjua hata yeye, na wanawe watatu kwa majina. Lakini jana, kwa ajili ya wanawe haohao, Denise alitia saini kurudi kazini.

Basi liliposimama dukani, Lurdes alishuka na bango lake, akawafuata wenzake getini. Denise alishuka kituo kilichofuata, akarudi kwa miguu hadi mlango wa nyuma wa duka.