Wahame au Wahamie: Maisha ya Marehemu Taarifa, Mtangazaji wa Manispaa

Marehemu alizaliwa mwaka 1951. Hapana, hapo tumeanza vibaya. Ni 1952, mwezi wa Machi, kwa sababu kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika maneno haya, alianza darasa la kwanza mwaka huohuo, na siku moja alirudi nyumbani mchana akakuta kitandani kuna mtu mpya amechukua nafasi yake. Jambo kama hilo halisahauliki. Kwenye jalada la programu hii mtaona 1954. Huo ni mwaka wa ofisini. Siku anaandikishwa kazi, karani alimtazama usoni, akaona kijana, akampunguzia miaka miwili, na marehemu hakuona sababu ya kubishana na mtu anayemzawadia ujana.

Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yao alichoma matofali na mama yao alifua nguo za watu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imepakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Mashine ikinguruma, ukitaka kupewa chumvi mezani lazima upaze sauti. Ile sauti ambayo baadaye mji mzima uliijua ilianzia hapo, kwenye kuomba chumvi.

Kwa sababu ya sauti hiyo, ndiye aliyetumwa kwa majirani. Siku moja mama yao alimwambia, "Nenda kamwambie yule mwanamke anirudishie beseni langu leo hii, asinizoee." Marehemu akaenda, akasimama mlangoni, akasema, "Mama anakusalimu sana, anasema beseni ukishamaliza nalo utalileta." Jirani alilileta jioni ileile, limesuguliwa, na kipande cha sabuni ndani. Mama yao alijisifu wiki nzima kwamba siku hizi watu wanamwogopa. Hakuna aliyemwambia ukweli.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966. Hesabu alizimudu. Kusoma kwa sauti ndiko kulikomletea vituko, kwa sababu alisoma kwa haraka na kwa kukisia, akila herufi hapa na kuongeza nyingine pale. Kitabu kiliandika "mama amepika", yeye akasoma "mama amepikia". Mwalimu akauliza, "Kampikia nani?" Naye akajibu, "Sisi, mwalimu." Darasa lilicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuangalia kuna nini. Hakuendelea na sekondari, kwani mwaka huo baba yao aliumia mgongo na tanuri la matofali likahitaji mikono.

Mwaka 1976 alipata kibarua manispaa, kwenye kikosi cha kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu, ukiisha unapewa mwingine wa miezi mitatu. Mwaka 1981 mtangazaji wa zamani alihamia kwa mwanawe, na afisa afya, ambaye ndiye aliyesimamia usafi na masoko, akakumbuka kwamba kuna kibarua mmoja wa mitaroni ambaye akiita koleo, linaletwa na watu wa mtaa wa pili. Marehemu akapandishwa kwenye gari la matangazo, pikapu ya kijivu yenye vipaza sauti viwili juu. Dereva wake alikuwa Gia Mbili, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuvuka hapo. Akiongeza mwendo, tangazo linabaki nyuma. Marehemu naye akapewa jina la Taarifa, maana kila tangazo alilifungua kwa "Taarifa, taarifa!" Hata mkewe mwishowe alimwita hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kila siku. Alitangaza kwamba maji yatakatika mitaa ya juu kuanzia saa tatu. Alitangaza siku ya kutoa taka nje, uandikishaji wa darasa la kwanza, leseni za maduka, kupuliziwa dawa ya mbu, chanjo ya mbwa. Kwenye chanjo ya mbwa aliwahi kusema "mbwa wote wafike na wenyewe", na kinyozi mmoja akamdaka dirishani: "Taarifa, wangu hajui njia, itabidi mimi ndiye nimpeleke!" Marehemu akajibu kupitia kipaza sauti, mji mzima ukisikia, "Kinyozi, mbwa wako anakujua kuliko unavyomjua." Afisa afya alimwonya kwa hilo. Alionywa mara kadhaa, kwa mambo ya aina hiyo.

Mwaka 1979 alikuwa amemwoa fundi cherehani mmoja mwenye kibaraza chake karibu na stendi. Walipanga chumba, baadaye viwili, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama mkwe wake aliuza sufuria na sahani kwenye barabara ya maghala, na hilo litajwe hapa kwa sababu lilikuja kuulizwa na wakubwa.

Barabara ya maghala ni ile pana iliyo upande wa nyuma wa reli. Mapaa ya maghala yanaipa kivuli tangu asubuhi, ndiyo maana wachuuzi waliipenda. Mwaka 1986 manispaa iliamua waondoke ili malori yapite. Wakati huo mchapaji wa ofisini alikuwa likizo ya uzazi, hivyo matangazo yalitolewa kwa mdomo. Afisa afya alimkuta marehemu koridoni Ijumaa asubuhi, akamwambia, "Katangaze: wachuuzi wote wahame barabara ya maghala kabla ya Jumatatu." Marehemu akaitikia, akapanda gari.

Alizunguka mji mzima, Ijumaa na Jumamosi, na alichotangaza ni hiki: "Taarifa, taarifa! Wachuuzi wote wahamie barabara ya maghala kabla ya Jumatatu!"

Herufi moja tu. Lakini mji ulielewa vizuri kabisa. Jumatatu kulipopambazuka, wale waliokuwa pale walikuwa palepale, na wa stendi wamekuja, na wa sokoni waliokosa nafasi wamekuja, na mafundi viatu, na wauza vyombo, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maandazi dirishani kwake ambaye hakuwahi hata kufikiria kutoka. Alisema baadaye, "Nilimwambia mume wangu, leo manispaa imeamka vizuri, nipishe nibebe meza."

Afisa afya alifika na askari wa manispaa, akakuta hakuna pa kuweka mguu. Kabla hajafungua kinywa, gari la meya likatokea, maana meya alipita njia hiyo kwenda ofisini. Watu wakalizunguka wakishangilia. Meya alishuka akiwa hajui anashangiliwa kwa lipi, lakini alikuwa mwanasiasa mzoefu. Akapanda juu ya kreti na kusema, "Hii ndiyo manispaa inayosikiliza watu wake!" Akanunua na sufuria. Aliinunua kwa mama mkwe wa marehemu, bila kujua.

Baada ya hapo marehemu aliitwa ofisini. Gia Mbili alikuwa amesimama mlangoni na ndiye aliyesimulia.

"Nilikwambia wahame au wahamie?" afisa afya akauliza.

"Uliniambia wahame, bosi."

"Wewe ukasema nini?"

"Watu wanasema nilisema wahamie."

"Sijauliza watu. Nakuuliza wewe."

"Bosi, vipaza sauti viko juu ya gari, mimi niko ndani. Mimi ndiye mtu pekee mjini ambaye hanisikii."

"Na mama mkwe wako yuko pale!"

"Yupo, bosi. Ila hatuongei tangu mwaka jana."

Hapo ndipo pagumu palipokuwa. Mwezi huohuo marehemu alitakiwa kuthibitishwa kazini, baada ya miaka kumi ya miezi mitatu mitatu, na mkewe alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Afisa afya hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango nusu, akashusha sauti: "Taarifa, sikiliza. Sema tu ulimi uliteleza. Nitaandika kwamba tangazo lilikuwa na kosa, kwa hiyo halipo. Wachuuzi wanaondoka, meya anaelezwa, na wewe kesho unathibitishwa. Ukisema ulikusudia, huna kazi. Ukinyamaza, mimi sina cha kuandika."

Marehemu akatazama nje dirishani kidogo. Kisha akasema, "Bosi, sikumbuki."

Jioni ile mkewe alimkalisha chini. "Si useme tu uliteleza? Neno moja! Mtoto huyu atavaa 'sikumbuki'?" Marehemu akamjibu, "Nikisema niliteleza leo, kesho wataniuliza na matangazo ya siku nyingine zote." Kama alikuwa analinda jina lake la utangazaji, au wale watu barabarani, au vyote, mkewe hakupata kujua, na alikuwa na hasira mno kuuliza tena.

Hakuthibitishwa. Aliondolewa kwenye gari, akawekwa dirisha la leseni za baiskeli. Walijaribu mtangazaji mwingine, kijana mwenye sauti nyembamba, na wanawake wa barabara ya maghala wakawa wanamjibu, "Sema tena, baba, umetuamsha lakini hatujakuelewa!" Baraza lilijadili suala la barabara ile vikao vingi. Meya hakutaka tangazo lifutwe kwa kuwa alishapokea shukrani zake. Mwishowe, Februari 1988, baraza liliazimia kwamba barabara ya maghala ni soko, na malori yazungukie upande wa reli. Marehemu alirudishwa kwenye gari, akathibitishwa mwezi wa Mei, na tangazo lake la kwanza lilihusu kufungwa kwa choo cha stendi kwa matengenezo.

Cheo hakupandishwa tena. Alistaafu mwaka 2014, ambapo kwa ule mwaka wa ofisini alikuwa na miaka sitini, na kwa mwaka wa mama yake sitini na miwili. Kwenye hafla ya kumuaga, meya mwingine kabisa alimsifu kwa "ubunifu wa mwaka 1986". Marehemu aliinama akafunga kamba ya kiatu. Alipopewa nafasi ya kuongea alishukuru kwa redio aliyozawadiwa, akaketi.

Mama mkwe wake, waliyepatana naye baadaye, aliuza pale mpaka miguu ilipomkatalia. Akiulizwa kama mkwewe alikosea, alisema, "Kama alikosea, namshukuru aliyemkosesha."

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na sukari. Alifuata masharti kwa moyo mmoja asubuhi, na kuyasahau mchana. Mwaka 2021 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na mwaka uliopita figo zikaanza kumsumbua. Sauti haikupungua. Wodini wauguzi walimwomba aongee taratibu, na wagonjwa wa wodi ya pili wakaomba aendelee, kwa sababu ndiye aliyewapa habari za mpira.

Kaka yake alikwenda kumwona mwezi wa Julai. Walikaa kwenye kibaraza cha hospitali, wakaongea juu ya tanuri la matofali na juu ya nani bado yu hai. Kisha kaka yake akamuuliza kuhusu ile asubuhi ya mwaka 1986. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. "Na wewe tena, kaka! Hebu nimenyie hilo chungwa." Kaka yake akamenya. Muuguzi akaja akamnyang'anya mgonjwa nusu ya chungwa, wakaanza kubishana naye, na muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Alifariki dunia Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, asubuhi, mkewe akiwa kando ya kitanda.

Wakati wa kuandaa programu hii palitokea mabishano sebuleni, na si vibaya yakitajwa, maana waliokuwa nje waliyasikia. Binti yake mkubwa alisema, "Baba mkubwa, andika kwamba alikusudia. Watu wa maghala wanakuja wote, wanajua baba aliwapigania." Gia Mbili, ambaye sasa anatembelea mkongojo, akakataa. "Msimpake rangi. Mimi nilikuwa naye. Siku ile alipanda gari anapiga miayo, mtoto wenu wa pili alikuwa hajalala usiku kucha. Aliteleza, kisha akawa mwanaume akanyamaza. Hiyo haitoshi?" Binti akasema haitoshi. Mjane akasema, "Shemeji, andika yote mawili, karatasi si ipo?" Kwa hiyo yameandikwa yote mawili.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, ambao ni mwalimu, fundi umeme na huyu wa mwisho aliyezaliwa baba yake akiwa dirisha la baiskeli, wajukuu saba, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia barabara ya maghala, ambayo leo imefungwa mpaka saa nane kwa heshima yake, na wenyewe wako hapa, wamesimama upande wa kulia. Familia inawashukuru majirani, wauguzi, na manispaa kwa kutoa gari.

Mwenyezi Mungu ampokee na kumpumzisha mahali penye utulivu.

Kaka yake aliwauliza wengi. Mkewe alisema, muulize mwenyewe. Gia Mbili anasema hivi, binti anasema vile. Mwenyewe aliomba chungwa. Basi na aulizwe hapa, mbele ya wote, kwa heshima: mdogo wangu, ulimi ulikuponyoka, au uliuachia?