Mulango ya Isidore

Mukuje karibu, batoto yangu, na mutu asinikatishe, maana pumzi imebaki kidogo. Adeline, kaa hapa kwa kichwa ya kitanda. Weye Jean-Pierre, usijifiche nyuma ya dada yako. Naona umeegemesha ile mulango kwa ukuta ya chumba yangu, unangoja nikusifu.

Hii parcelle, hii kiwanja yetu ya mtaa wa Mudzipela, ni yenu wawili, nyumba hii na ile ya nyuma ya kupangisha. Musiuze, musijenge ukuta katikati. Deni sina, ila kwa fundi Adrien aliyeshona suti ya kunizikia, mumulipe mbele matanga haijaanza. Sasa Isidore. Aka! Huyo mupangaji ni mugumu, tangu mvua ianze hajatoa kitu, na bado anapita hapa na pikipiki mupya, ananipigia honi na kucheka. Mimi pia nimekasirika, tena sana. Lakini asubuhi hii umeng'oa mulango, mutoto wangu, na bibi yake iko ndani ananyonyesha.

Unasema wenye nyumba wote wa Bunia wanafanya vile, wanatoa mulango, wanatoa mabati, mupangaji anahama mwenyewe. Najua. Wakati wa vita tulikimbilia Aru, weye ukiwa mugongoni kwa mama yenu, Mungu amulaze pema. Tulivyorudi, ile nyumba ya nyuma, tuliyokaa wakati ule, ilikuwa wazi, na mulango yangu niliikuta sokoni inauzwa, muuzaji ni jirani tuliyeimba naye kanisani. Nililipa, nikabeba mulango yangu mwenyewe kichwani, watu wakitazama. Ndiyo hiyo umeleta. Tazama pale chini, alama ya panga ingali.

Na watu ya Isidore si watu yetu, munajua, na hii amani tunaishika kwa mikono mbili. Kesho hawatasema ni deni, watasema ni kabila. Hasira hasara, Jean-Pierre.

Basi musikilize njia. Garantie, ile pesa aliyoweka akiingia nyumba, ikate miezi ya deni yenye inaweza. Deni yenye kubaki muiandike kwa karatasi, asaini mbele ya chef wa quartier, mukubwa wa mtaa. Akikataa, mwende kwa bureau ya habitat, ile ofisi ya serikali ya mambo ya nyumba, wamuite, wawapatanishe, wamupe préavis, barua ya siku ya kuhama. Akiziba masikio, ni tribunal, mahakama, na mutu wa tribunal peke yake ndiye anaweza kumutoa, si weye na nyundo yako. Inachokesha, ndiyo, lakini deni haiozi. Weye ulikuwa na haki jana. Leo Isidore ndiye iko nayo, na atakushitaki akicheka.

Nipe maji... hapana, acha. Adeline, shika mulango kwa chini. Jean-Pierre, kwa juu. Muirudishe sasa hivi, mupige hodi hata kama hakuna mahali ya kupiga, weye uombe musamaha kwa mama ya mutoto, kisha upigilie. Usimusamehe kodi. Mulango tu.

Mungu awape kitanda na mulango ya kufunga, nyinyi na batoto yenu... na mutoto ya Isidore vilevile. Baraka yangu nimeitoa, mutaikuta, hata kama mimi... Musilie, mutachelewa. Fungua dirisha ya nyuma, Adeline, mbele hamujaenda. Nataka kusikia nyundo.