Gari la Tata Nililolikata Miguu

Ndugu zangu wa jumuiya, amani kwenu, hata kwa wale mliokuja leo kunicheka. Nawaona. Ningekuwa nyinyi, ningewahi kiti cha mbele.

Nimeombwa niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Majina sitaji. Jirani yangu anayehusika ameketi karibu na mlango, mkoba begani, amenikazia macho nisije nikaongeza chumvi. Akae tu.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Shule niliishia kidato cha nne hapahapa Kamachumu, na nikienda Bukoba mjini naaga kama mtu anayevuka bahari. Sasa mtu wa namna hiyo akaachiwa gari la mbio! Marehemu Tata, baba yangu, alilinunua enzi kahawa ilipokuwa kahawa: milango miwili, pua ndefu, umri karibu sawa na wangu. Nusu ya akina mama mlioko humu mlikwenda kanisani kuolewa mkiwa ndani yake, na nusu nyingine mlipelekwa nalo kujifungua. Wengine, samahani, ni walewale.

Tata alipofariki nikalipeleka mjini likabadilishwe. Hakuna aliyenituma, ni kiburi tu. Fundi akatoa springi nne ndefu akaweka fupi, gari likalala chini kama paka anayevizia panya. Akaweka injini nyingine, ekzosi ya kunguruma, matairi mapana, na rangi ya zambarau. Mama alipoliona akasema, "Umemkata baba yako miguu."

"Mama, hiyo ndiyo mitindo."

"Mitindo ya nyoka," akasema, akaingia ndani.

Shida ikawa irembo, pale njia inapoingia nyumbani. Gari lile halikati kona. Na upande wa kushoto ndipo ulipo mpaka wangu na jirani, umepandwa milamula tangu enzi za babu. Hapa mnivumilie, maana nasikia mmeshaanza kuguna. Niling'oa milamula mitatu. Mhaya mzima, nang'oa mlamula wa mpaka! Mtu akiiba kuku tunaweza kumsamehe kabla mchuzi haujapoa. Mpaka, hapana. Nilijiambia ni vichaka tu. Cheti cha kidato cha nne, akili za chekechea.

Jirani akaja, jembe mkononi. "Wewe! Umehamisha mpaka?"

"Sijahamisha. Nimepanua barabara."

"Barabara ya kwenda wapi, mtu ambaye hata mnadani hufiki?"

Liliniuma kwa sababu ni kweli. Nikafungua buti, nikatoa zile springi za zamani, nikazirusha moja moja kwenye kibanja chake, katikati ya migomba. "Haya, chukua fidia!" Tangu siku ile hatukusalimiana. Kwenye misa, tukiambiwa tutakiane amani, yeye aliangalia dari, mimi niliangalia viatu.

Masika yakaja. Kumbe milamula ndiyo iliyokuwa imeshika udongo wa pale. Mvua ikachimba mfereji, mawe yakachomoza. Asubuhi moja Mama akashikwa na presha, akaanguka jikoni. Nikamketisha garini. Kiti kiko chini mno, akaniuliza, "Unanizika?" Nikawasha. Gari likanguruma mpaka kuku wakatawanyika, likaenda hatua ishirini, tumbo likakaa juu ya jiwe. Wapi? Palepale nilipong'oa.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aibu kama kunguruma bila kwenda. Nilizima injini, nikaegemea boneti ya zambarau, nikalia.

Jirani akatokea migombani na wanaume wanne na machela. Nikaanza kushukuru. Akanikata: "Nyamaza. Sijaja kwa ajili yako. Nimemfuata mama yako." Wakambeba mpaka barabara kuu, mimi nyuma nimeshika kandambili za Mama. Ndio mzigo walioniamini nao.

Mama alipona. Yule pale, anatikisa kichwa kwamba nimeruka mengi.

Likabaki gari. Kijana mmoja wa Bukoba alitaka kulinunua vilevile lilivyo, akalioneshe watu. Shemeji yangu akasema likatwe, liuzwe vyuma chakavu. Siku nne nilikaa barazani nikilitazama. Nililichukia. Nilitaka liondoke, na aibu yangu iondoke nalo. Ndipo Mama akasema kutoka kitandani, "Ukiliuza, mwingine akiugua tutampeleka na nini? Lirudishie miguu."

Miguu yenyewe ilikuwa kwa jirani. Nikaenda na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee mmoja wa kushuhudia. Springi za Tata nikazikuta zimechimbiwa ardhini, kila moja imefungiwa mbuzi.

Nikamwita kwa heshima: "Waitu, nimekuja kuomba msamaha."

"Weka rubisi hapo."

Nikaweka. "Na zile springi..."

"Mbuzi wangu niwafungie wapi? Kwenye ulimi wako? Urefu unatosha."

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona kichekesho. "Urudishe mpaka kwanza," jirani akasema.

Mlamula una huruma kuliko sisi: ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Kesho yake nikaleta matawi matatu. Akaninyang'anya, akayapanda mwenyewe.

Springi alinirudishia, na gari limesimama tena. Injini nimeiacha, inapanda mlima vizuri. Rangi nayo nimeiacha, iwe adhabu. Limeshabeba wagonjwa, na bibi harusi mmoja aliyepanda amefumba macho.

Nawashukuru waliobeba machela, mzee wetu, na Mama. Namshukuru na jirani, ambaye juzi aliniambia, "Sijakusamehe, nakuvumilia tu." Nimepokea. Ninachowaachia ni hiki: ulichorithi kina wenyewe wengi. Kabla hujakikata, waulize.

Neno la mwisho. Siku ile ya kupanda, tawi la tatu alilichomeka hatua moja nzima ndani ya upande wangu. Mimi niliona. Mzee aliona. Jirani akainuka, akajifuta udongo, akanitazama, akingoja niseme.

Ulimi wangu, ule unaotosha kufungia mbuzi, ukatulia mdomoni. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoinuka.