Mkutubi Aliyenusa Mikono

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama mmezoea saa hii niwapoze roho kwa maneno matamu juu ya marehemu, leo mtanivumilia. Leo sina utamu. Leo nina hasira, na fundi wa mitambo ameshanionya nisipige meza.

Bi Iyamide Faulkner amefariki. Narudia kwa mliochelewa kufungua redio: Bi Iyamide Faulkner, aliyekuwa mkutubi mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Klementi, kule juu mlimani, amefariki. Tulimzika jana hapa Freetown, mvua ikitupiga. Chuo kilileta shada la maua, kubwa hata likashindwa kupita mlangoni. Mdogo wake, Bi Modupeh, akalibeba mwenyewe hadi getini na kulirudisha kwenye gari lililolileta.

Tangu asubuhi mnanipigia simu. "Huyo Modupeh ana nini? Maua yana kosa gani?" Haya, tulieni niwaambie.

Iyamide alizaliwa Murray Town, katika nyumba ya mbao yenye ngazi ya mawe. Mama yake alikuwa akikaanga akara, zile bajia za kunde, pale pale mlangoni, na harufu ya mafuta iliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Bi Modupeh ananisimulia hivi: "Siku moja dada alipeleka daftari shuleni lina alama ya mafuta, duara kubwa, limekula maneno yote ya ukurasa. Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa. Akasema, huyu mtoto anaandika au anakaanga? Darasa zima likacheka. Dada akarudi nyumbani, akanawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikachubuka. Tangu siku ile, ndugu mtangazaji, ukigusa kitabu chake hujanawa, mnagombana."

Akasoma. Akasomea ukutubi ng'ambo, akarudi, akakabidhiwa maktaba ya Mtakatifu Klementi. Mliosoma pale mnaijua. Chini wanafunzi, juu kuna kile chumba tunachokiita Chumba cha Juu. Humo mna magazeti ya kwanza kabisa ya mji huu, yamefungwa kwa ngozi, marefu kama meza. Waliotoka minyororoni, watumwa walioachwa huru wakaujenga mji huu, walitangaza humo ndoa zao, maduka yao, ugomvi wao na magavana. Mababu wa nusu ya mnaonisikiliza wamo mle kwa majina. Chumba cha Juu ndicho kilichokuwa roho ya Iyamide. Kukitunza ndiyo kazi aliyoitaka maishani, hakutaka nyingine.

Na alikitunza kwa pua. Alikaa kwenye kiti mlangoni. Ukija, hakuulizi jina. Anasema, "Mkono." Unautoa, anainama, ananusa. Kama umekula kitu chenye mawese, hata kama umejifuta kwa leso, anakuambia, "Sabuni iko nje." Wanafunzi walimwita Anti Pua. Alijua, na hakujali. Mhadhiri mmoja aliwahi kumuuliza kama amesoma ng'ambo ili aje kunusa watu. Akamjibu, "Ningesoma zaidi ningekunusa na kinywa."

Sitawadanganya, wasikilizaji. Mwanamke huyu hakuwa mtamu. Alikuwa na ulimi wa pilipili, na hakujua kumwambia mtu ukweli faraghani. Lakini katika miaka yake ya mwanzo hakuna ukurasa hata mmoja wa Chumba cha Juu uliopotea. Hilo lishikeni.

Kisha akaja mkuu mpya wa chuo, Profesa Ekundayo Metzger. Siku yake ya kwanza alitembezwa chuo kizima baada ya chakula cha mchana, wahadhiri wakimfuata nyuma. Akafika mlangoni kwa Iyamide. "Mkono," akaambiwa. Yeye akadhani anasalimiwa. Akautoa huku akitabasamu. Iyamide akainama, akanusa.

"Binchi," akasema. "Maharage, na mawese yamewekwa bila huruma. Sabuni iko nje, Profesa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Profesa akaenda kunawa, lakini kicheko kile hakukisahau, na aliyekisababisha hakumsahau pia.

Ikafika sikukuu ya kuanzishwa kwa chuo. Profesa akatangaza kwamba mwaka huu tutawapikia waasisi awujo, karamu ya wafu kama kila ukoo wetu unavyowapikia wazee wake. Hapo hakuna aliyepinga. Ila akaongeza kwamba bakuli la wazee litawekwa ndani ya Chumba cha Juu. "Waasisi wetu wamo mle," alisema. "Maandishi yao yamo mle. Tuwalishe pale walipo." Ukumbi ukapiga makofi. Ni maneno mazuri, hata mimi ningepiga makofi.

Iyamide akasimama. "Profesa, nimempikia mama yangu awujo. Nimempikia baba yangu. Chakula cha wazee kinawekwa uani, ndege tumbusi wanashuka, wanakula, tunashukuru, tunalala. Wewe umeona wapi tumbusi anapanda ngazi?"

"Bi Faulkner, waasisi wa chuo hiki si kuku wa kulishwa uani."

"Na maktaba si jiko!"

Pa Decker, mzee wa chama cha waliosoma pale, ambaye ndiye aliyeongoza awujo zote za chuo, akajaribu kumtuliza. "Binti yangu, ni siku moja tu. Kubali, wazee wasije wakakasirika."

"Pa, wazee hawatakasirika. Panya ndio watakaofurahi. Yale magazeti yamefungwa kwa gundi ya unga. Kwa panya ule ni uji mkavu. Hawajaujua bado, kwa sababu sijawahi kuwapa sababu ya kupanda. Leo nyie mnawatandikia meza."

Hawakumsikia. Siku ya sikukuu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Profesa akaleta walinzi na amri ya baraza la chuo, wakamnyang'anya ufunguo mbele ya wanafunzi. Ndiyo, nasema wakamnyang'anya. Bakuli likapandishwa ngazi. Binchi, ndizi za kukaanga, akara, yote yanaogelea katika mawese. Likawekwa sakafuni, chini ya rafu ya magazeti ya kwanza, na mlango ukafungwa.

Asubuhi wakafungua. Bakuli jeupe! Hakuna hata punje. Pa Decker akapiga makofi, kina mama wakaanza wimbo, Profesa akatoa leso akajifuta machozi. "Wamekula!" alisema. "Waasisi wamepokea!"

Iyamide akapenya katikati yao. Akachutama kando ya bakuli, akaokota kitu kidogo cheusi, akaushika mkono wa Profesa, akakiweka kiganjani mwake. Kilikuwa kinyesi cha panya.

"Huyu hapa mwasisi wako," akamwambia. "Ameanza na chakula cha wazee. Atamalizia na wazee wenyewe."

Jamani! Kama kuna namna ya kujichongea katika mji huu, basi ni hiyo. Habari zikashuka mlimani kabla yake. Iyamide Faulkner amewaita mababu panya! Si hivyo alivyosema, lakini ndivyo ilivyofika mjini. Kanisani watu wakahama benchi lake. Sokoni akauziwa majani ya mihogo yaliyonyauka, na akilalamika anaambiwa, "Si una pua? Ungenusa." Na kwa sababu bakuli lilikutwa jeupe, na bakuli jeupe ni ishara njema, awujo ya Chumba cha Juu ikawa desturi. Kila mwaka bakuli linapanda. Kila mwaka linakutwa jeupe. Kila mwaka wanaimba. Mji mzima ulikuwa unashangilia panya, wasikilizaji, na mwenye akili aliitwa mwenda wazimu.

Hakukubali kushindwa. Alileta paka, jike la kijivu, akampa jina la Jaji. Jaji alifanya kazi. Wanafunzi waliosoma nyakati hizo wanasema kila asubuhi Anti Pua alikuwa akitoka na ndoo, na ndani ya ndoo hamkukosa kitu. Lakini Profesa akasema chuo cha Mungu hakiwezi kuwa na paka wa mwanamke asiye na mume, na mnajua neno gani lilifuata hapo, mimi sitalisema hewani. Wakamtia Jaji guniani. Wakaenda kumtupa mbali ng'ambo ya mji.

"Baba alipokufa, dada hakulia," Bi Modupeh aliniambia. "Kwa paka yule alilia. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaniambia, Modupeh, wananiua na hawajui kama wananiua. Nikamwambia, dada, acha kazi. Akasema, nikiacha nani atanusa?"

Mwisho wake ukaja mchana kweupe. Walifika wageni wakubwa kutoka nje, wamekuja kuona gazeti la kwanza la mji huu. Profesa akawapandisha mwenyewe Chumba cha Juu. Akavuta lile jalada kubwa, akaliweka mezani, akalifunua kwa madaha. Katikati hapakuwa na gazeti. Palikuwa na shimo, na ndani ya shimo vitoto vya panya, vyekundu, vimelala juu ya vipande vya karatasi. Mama mmoja katika wageni akapiga kelele. Wakafunua jalada la pili. Wakafunua la tatu. Ndoa, maduka, ugomvi na magavana, vyote vimegeuka matandiko. Bibi zenu na babu zenu, wasikilizaji. Walitoka minyororoni, wakavuka bahari, wakaja kuishia tumboni mwa panya kwa sababu ya bakuli la binchi!

Mnadhani Profesa alisema nini? Aligeuka mbele ya wageni wale, akamnyooshea Iyamide kidole. "Huyu ndiye mkutubi wetu," alisema. "Uzembe wake ndio huu."

Iyamide, yule mwanamke wa ulimi wa pilipili, akaisogelea meza. Alivipangusa vitoto vya panya kwa mkono wake, akakusanya vipande vilivyobaki na herufi, akavifunika kwa kitambaa chake cha kichwa. Wiki ile ile akafukuzwa kazi. Hakuagwa. Kitambaa hakurudishiwa.

Sasa njooni kwenye kile kinachoniwasha. Alipoondoka tu, awujo ya Chumba cha Juu ikakoma, kimya kimya. Bakuli likarudi uani, kwa tumbusi. Kisha mlangoni pa maktaba, pale pale kilipokuwa kiti cha Iyamide, wakajenga bomba la maji na sabuni. Wakaandika ukutani: Nawa kabla ya kuingia. Na juu ya bomba wakapigilia kibao cha shaba kinachong'aa. Nendeni mkakisome, kipo. Kinasema bomba hili ni hekima ya Profesa Ekundayo Metzger.

Nauliza, mtu huyu hana haya? Nawauliza na baraza la chuo, na waliopiga makofi, na waliohama benchi. Iyamide aliishi miaka mingi baada ya hapo, pale pale Murray Town, mnapita mlangoni kwake. Nani alikwenda kumwambia, Iyamide, ulisema kweli? Bi Modupeh anasema hakuja mtu. Pa Decker peke yake, mwishoni mwa uhai wake, alituma salamu za pole, na Iyamide akajibu, "Mwambieni zimefika." Basi.

Jana, baada ya maziko, tulirudi nyumbani kwa wafiwa. Chakula kilikuwepo, desturi ni desturi. Profesa Metzger alikuwepo pia, mzee sasa, fimbo mkononi. Alikula. Alikula vizuri. Kisha akasimama, akaenda kwa Bi Modupeh. Nilikuwa karibu, namsikia kama ninavyojisikia mimi.

"Mama, pole sana," alisema. "Chuo kimeona, siku ya arobaini, awujo ya Bi Faulkner tuifanye kwetu. Bakuli lake tuliweke Chumba cha Juu. Kwa heshima."

Akanyoosha mkono.

Bi Modupeh akautazama ule mkono. Kisha akaushika kwa mikono miwili, akainama taratibu, akanusa.

"Binchi," akasema. "Sabuni iko nje."

Hakuna aliyecheka safari hii. Profesa akageuka kuelekea mlangoni. Nilidhani atapanda gari aondoke. Hakuondoka. Akashuka ngazi ya mawe kwa fimbo yake, akaenda kwenye pipa la mvua, akanawa. Alinawa muda mrefu, mvua ikimlowesha koti la msiba. Akapanda tena, akamnyooshea Bi Modupeh viganja vyote viwili, wazi.

Bi Modupeh akainama, akanusa tena.

"Bado," akamwambia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Modupeh na ukoo mzima wa Faulkner, poleni, tena poleni mno. Mungu amlaze Iyamide pahali pakavu pasipo panya. Awujo yake itakuwa Murray Town, uani, na nyote mnakaribishwa kula. Lakini mliokuwa mlimani miaka ile, kabla hamjampa mfiwa mkono wa pole, inueni kwanza mikono yenu, hapo hapo mlipo mnaponisikiliza, muinuse.