Daftari Lililookotwa Chini ya Benchi

Siku ile kijiweni tulikuwa sita: Kamusi, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna neno asilolijua; Pasi, dobi wa kona; Sindano, fundi cherehani; Mzee wa Kanisa, anayekunywa kahawa amesimama; mimi ninayewamiminia; na binti yangu wa miaka miwili, chini ya benchi, akipanga vibanio vya nguo alivyopewa na Pasi. Ni watu wema. Pasi hunirudishia kikombe kimesuuzwa. Jua likigeuka, Sindano husogea bila kusema kitu ili kivuli chake kimwangukie mtoto. Lakini kijiwe kina sheria yake: karatasi yoyote ikiokotwa chini ya benchi husomwa kwa sauti mpaka mwenyewe ajitaje. Nilipokuwa natoa vikombe kwenye kapu, daftari langu lilidondoka, nami sikuliona. Pasi aliliona.

Nilitaka kusema ni langu, ulimi ukagoma. Mzee wa Kanisa ndiye aliyenikabidhi darasa la watoto la Jumapili, na ndiye awezaye kuninyang'anya. Na mle ndani kuna mambo ambayo hata mume wangu sijamwambia.

— Halina jina, — Pasi akasema. — Mgongo umelegea, na mwandiko wenyewe umelala upande. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Methali hiyo na mwandiko wapi na wapi? — akauliza Sindano.

— We ukivunjika guu utasimama wima? Basi na herufi ni hivyohivyo.

Kamusi akavaa miwani, akalinyakua, akasoma kwa sauti ya darasani:

— «Leo nimemaliza kitabu cha hadithi ya mjane na taa yake. Aliizima ili mafuta yasiishe, akakaa gizani akingoja. Nami nimeizima yangu. Siku hizi nasoma badala ya kusali. Kitabu nikikiuliza jambo, nafunua ukurasa, kinanijibu.»

Nikalirudisha birika kwenye jiko la mkaa.

— Mwanafunzi wa uchungaji huyo, — Pasi akakata shauri. — Kafeli mtihani, sasa analalamika.

— Acha zako, — Sindano akasema. — Hiyo kalamu ya mwanamke. Ni mtawa, katoroka na vitabu vya watu, kajificha mtaani kwetu hapahapa.

— Tumieni akili, jamani! — Kamusi akagonga benchi. — Taa, mafuta, giza. Hiyo ni lugha ya siri. Kuna kikundi hapo. Haba na haba hujaza kibaba: leo wanazima taa moja, kesho mtaa mzima.

— Ndiyo maana juzi umeme ulikatika! — Pasi akadakia.

Wakacheka. Mzee wa Kanisa hakucheka.

— Soma mbele, — akasema.

Nikaingilia kati. — Wazee wangu, niwaongeze kahawa kwanza?

— Ongeza, mama, lakini usiyasikilize haya, — Kamusi akaniambia, na aliniambia kwa upole kabisa. — Wewe umeishia shule ya msingi. Mambo mazito haya, yatakunyima usingizi.

Kwa hilo la usingizi alisema kweli. Akalamba kidole, akafunua hadi ukurasa wa mwisho ulioandikwa.

— «Leo siku ya tatu, homa ya mtoto haishuki. Nimemwambia Mungu: ukimchukua huyu, sitakusemesha tena. Namwogopa Mungu, ila siyo kwa namna ninayowafundisha watoto kumwogopa.»

— Kumbe anafundisha watoto! — Pasi akashtuka.

Mzee wa Kanisa akaweka kikombe chake chini. — Mtu anayemtishia Mungu hafai kuachwa karibu na watoto. Nitauliza kanisa kwa kanisa mpaka nimpate.

Nikashika ukingo wa meza, nikajifanya nafuta.

— Na kama amekufa? — Sindano akanong'ona. — Tazameni, kurasa zote zinazofuata ni nyeupe. Tunamsoma marehemu hapa.

— Marehemu anadondosha daftari? — Kamusi akauliza.

— Mficha maradhi kifo humuumbua. Kimemuumbua, kadondosha.

Kumbe dereva wa lori alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, galoni mkononi, akingoja nimpe maji ya rejeta, ya kupozea injini. Hakuna aliyemwona.

— Samahanini, wazee, — akasema. — Huyo mtoto alipona?

Kamusi akafunua ukurasa mweupe, akafunua mwingine, kana kwamba jibu lilikuwa limejibanza nyuma.

— Haijaandikwa, — Kamusi akasema mwishowe.

— Naulizia tu. Na mimi ninaye wa umri mdogo nyumbani.

Kurasa zile nyeupe nilizijua mimi. Homa iliposhuka siku ya nne, niliogopa kuandika. Nilidhani nikiiandika furaha, homa itaisoma, irudi. Na hofu hiyo ilikuwa bado haijanitoka.

Binti yangu akatambaa kutoka chini ya benchi, akambania Mzee wa Kanisa pindo la suruali kwa kibanio. Mzee akainama kumshika asianguke, kama afanyavyo kila siku.

— Alipona, — nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Mzee alibaki ameinama, mkono juu ya kichwa cha mtoto, nami nikangoja hukumu. Kamusi akavua miwani. Akalifunga daftari taratibu, akampa Sindano aliyekaa karibu naye.

— Kahawa bado ipo? — Mzee akauliza, bila kunitazama.

— Imekwisha, Mzee.

— Basi mpe ndugu yetu maji, awahi kwa mwanawe.

Kesho yake asubuhi nililikuta daftari ndani ya kapu la vikombe, mgongo wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Darasa la Jumapili nalifundisha mpaka leo.