Cherehani Iliyofunikwa Blanketi

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi mliofika hapa, familia imemkabidhi binti wa pili wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya baba yake, na imemtaka asome yote yaliyoandikwa, asiruke kitu, hata pale sauti itakapomgomea, kwa hiyo mvumilieni.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Miguu kwa sababu cherehani ya umeme hakutaka hata kuisogelea, alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nguo, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na tarehe 21 Agosti 1959 akazaliwa mdogo wake, ambaye ndiye shangazi aliyeketi hapa mbele. Baba yao alifariki yeye akiwa na miaka saba, na tangu hapo nyumba nzima ilikula, ikavaa na kusoma kwa cherehani moja ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika pale mkono wa mama ulipozoea kulala.

Alianza darasa la kwanza Januari 1961, akaingia sekondari Januari 1968, akiwa na kichwa chepesi cha hesabu na nia ya kuwa mpima ardhi. Nyumbani kazi yake ilikuwa kutia cherehani mafuta kila Jumamosi, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo kopo la mafuta lilipoisha, akamwona mama amezidiwa na oda ya sare themanini za shule, akaona asimsumbue, akajaza kopo mafuta ya kupikia, akaendelea kutia kila wiki huku akijiona mjanja. Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1968, sare thelathini na moja zikiwa tayari, mama alikaa, akaweka miguu kwenye pedali, gurudumu likagoma. Kijana akaungama palepale, kabla hajaulizwa na mtu, na fundi aliyeitwa, aliposikia habari ya mafuta ya kupikia, hakuhangaika hata kuifungua, akasema imeshaganda, hiyo basi tena. Mama hakumpiga wala hakumgombeza, alisema tu kwamba imeshatokea, akakunja vitambaa vilivyobaki akavirudisha kwa mwenyewe, na tarehe 9 Desemba akaanza kufua mashuka ya nyumba ya wageni, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa, mpaka vidole vyake vikawa havikunjiki.

Shule iliishia hapo, na aliiacha kwa hiari yake, akisema aliyeharibu ndiye atakayelipia kwa jasho, na aliyebaki asome ni mdogo wake. Tarehe 6 Januari 1969 akaenda kujifunza kazi kwa mzee mmoja aliyetengeneza saa na cherehani, akakaa kwake miaka saba, na tarehe 5 Aprili 1976 akafungua karakana yake katika chumba kimoja kando ya kituo cha basi, chumba ambacho wengi wenu mmewahi kujikwaa mlangoni mwake. Mdogo wake alisoma, akawa muuguzi, akastaafu muuguzi.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Julai 1979, na mshonaji aliyekuja karakana kubadilisha mkanda wa ngozi na kurudi mara tatu kwa mkanda uleule, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza tarehe 3 Juni 1980, wa pili tarehe 2 Mei 1983, na wa mwisho tarehe 19 Oktoba 1988. Mama yetu, ambaye leo hana machozi tena, alizoea kusema kwamba yeye ameolewa na mume mmoja na wake wenza hamsini wenye miguu ya chuma, na hakuwa akitania sana, maana kila ukumbi, kila ujia, hata bafu la nje, palikuwa na cherehani.

Alizipata popote, zilizowekewa vyungu vya maua, zilizotolewa vichwa miguu ikageuzwa meza, zilizotupwa uani zikinyeshewa, na kabla hajaichukua yoyote alitaka kwanza kujua nani alikuwa akiitumia na iliacha lini kushona, akaandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya droo. Akifika nayo nyumbani aliilowesha kwa mafuta ya taa, akaisubiri siku mbili, tatu, hata wiki, akiijaribu kwa kiganja kimoja, bila kulazimisha, na aliwafundisha watoto wake kwamba iliyoganda hukataa mzunguko mzima, ila iliyobanwa na kitu hukataa mahali pamoja. Zilizofufuka mikononi mwake ni hamsini na tatu. Moja tu hakuigusa, nayo ni ya mama yake, iliyokaa kwenye kona ya chumba chake cha kulala chini ya blanketi la kijivu tangu bibi alipofariki tarehe 11 Februari 1991, na kila alipojipa moyo kwamba sasa anaifungua, shangazi alimwambia achana nayo, kaka, iache ilivyo. Yeye alilielewa neno hilo kuwa dada yake hajamsamehe, akalimeza, akaifunika cherehani tena blanketi.

Mwezi wa Machi 2022 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua mapafu yamechakaa, akaingia na kutoka hospitali mara tano, na alipolazwa tarehe 28 Mei 2024 alimwambia binti yake wa pili kwamba ile ya bibi aifungue yeye, kwa kuwa mikono ya mwenyewe imeshindwa miaka yote. Binti akailowesha siku nne kama alivyofundishwa, na ilipoanza kulegea, gurudumu likawa linakwenda, linakwenda, halafu linakataa mahali pamoja. Ijumaa, tarehe 14 Juni, akaifungua pale bobini ya uzi wa chini inapokaa, akakuta utando wa njano wa mafuta, hilo hatulifichi, lakini utando ule usingemzuia hata mtoto, na nyuma yake akakuta uzi mnene mwekundu, ule wa kufumia vitambaa vya meza, umejisokota ukakaza. Akautoa, na gurudumu likazunguka.

Shangazi alipoonyeshwa uzi ule aliketi chini sakafuni. Alikuwa na miaka tisa, siku moja kabla ya ile Jumamosi, alipojaribu kwa siri kumshonea mwanasesere wake gauni, cherehani ikakwama, akaifunika, akatoka kucheza, na kesho yake kaka yake alipojitaja mwenyewe, yeye akafumba mdomo, na mdomo uliofumbwa siku hiyo haukupata tena pa kufungukia. Akaomba yeye mwenyewe ndiye amwambie kaka yake, na binti akakubali, na kukubali huko kunamuuma, Mungu ni shahidi. Jumapili shangazi alikaa kando ya kitanda saa tatu nzima, akamnywesha uji, akamkata kucha, akazungumzia mvua, akarudi nyumbani. Jumatatu, tarehe 17 Juni 2024, saa moja na dakika ishirini asubuhi, marehemu alikata roho, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi mitatu na siku nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliompa hewa mpaka dakika ya mwisho, majirani waliozibeba cherehani hamsini na tatu hadi uani ili waombolezaji wapate pa kukaa, mafundi wenzake walioifunga karakana na kuufagia mlango wake kila asubuhi, na washonaji wote waliokuja na sindano zao kumalizia sanda. Yaliyosomwa kuhusu uzi yamesomwa kwa ombi la shangazi, aliyetaka yasikike kabla udongo haujarudishwa, na maneno ya mwisho ni yake, ameyaandika kwa mkono wake.

Pumzika kwa amani, kaka. Hayakuwa mafuta.